Njumu 1,297: shajara ya ubao wa wauguzi wa Khedive Ismail

7 Oktoba 2023. Wazo, na hesabu ya kwanza

Kabla ya kustaafu nilikaa chumba cha upasuaji miaka 31. Humo kuna sheria ambayo hata daktari bingwa haivunji: kabla kidonda hakijafungwa, vitambaa, sindano na vyuma vyote vinahesabiwa na watu wawili, mmoja akitaja kwa sauti na mwingine akitazama. Kikikosekana kitambaa kimoja, hakuna anayeshona. Kitatafutwa sakafuni, kwenye ndoo, ndani ya mgonjwa mwenyewe, mpaka kionekane. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoniingiza gharama zote utakazozisoma hapa chini.

Mradi wenyewe ni ubao wa ukumbusho, utakaotundikwa katika chuo cha uuguzi hapa Mombasa ambako bado naitwa kufundisha mara mojamoja. Ni ukumbusho wa wauguzi wa kijeshi waliopanda meli ya Khedive Ismail hapo Kilindini, wiki ya kwanza ya Februari 1944, kwenda Colombo. Walikuwa manesi 53 na matroni wao mmoja. Jumamosi ya tarehe 12, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Haikumaliza hata dakika 3 juu ya maji. Abiria wengi walikuwa ndani wakisikiliza muziki.

Nataka iwe kazi ya njumu, kama masanduku ya kale ya pwani: mbao nzito iliyopigiliwa misumari yenye vichwa vya shaba, msumari mmoja kwa mtu mmoja. Majina siyaweki, na sababu nitaieleza nikifika Nairobi. Wauguzi 54, njumu 54, safu 6 za njumu 9. Fundi amesema ni kazi ya siku mbili.

14 Oktoba 2023. Makosa ya kwanza, bado hata mbao haijanunuliwa

Nilichora mchoro, nikaupeleka chuoni. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akauliza swali dogo: "Sista, wote 54 walikufa?"

Hapana. Ndani ya meli walikuwamo watu 1,511. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6, na miongoni mwa hao 6 wamo wauguzi. Kwa hiyo nilikuwa nawapigilia njumu za maiti watu waliotolewa majini wakiwa hai. Mtu aliyehesabu vitambaa miaka 31 anachanganya waliopanda na waliokufa! Nilijisikia vibaya siku nzima.

Kwa anayetaka kuiga: tenganisha daftari mbili tangu siku ya kwanza, waliosafiri huku na waliopotea kule. Vyanzo vingi vinataja ya kwanza kana kwamba ni ya pili.

Idadi niliyoishika baada ya hapo ni 77, wanawake wote waliokufa melini. Wengi wao ni manesi, pamoja na wasichana wa Jeshi la Majini la Uingereza na wale wa kikosi cha kujitolea cha FANY. Jumuiya ya Madola haijawahi kupoteza wanawake wengi wa jeshi kwa mkupuo mmoja kuliko siku ile. 77 ni safu 7 za njumu 11. Mchoro ukapendeza zaidi ya ule wa kwanza.

5 Novemba 2023. Swali la mzee

Nilituma picha ya mchoro kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nikichangisha. Zilikuja pongezi, vidole gumba, na shilingi 6,200. Jioni mzee mmoja jirani, anayetembelea mkongojo, akabisha mlango. Hakukaa kitako. Alisema baba yake mkubwa alikuwa askari wa mizinga, aliondoka Kilindini kwa meli hiyohiyo, na nyumbani kwao matanga yaliwekwa bila maiti.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa mabinti Mungu awarehemu. Na wetu je? Wao walizama meli nyingine?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kwamba sehemu kubwa ya abiria ilikuwa ni Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996, wakipelekwa kwenye vita vya Burma. Nilikuwa nimesoma, nikaipita sentensi ile kama mtu anayepita kituo cha basi kisicho chake. Mimi ni muuguzi, nikawatafuta wauguzi. Lakini muuguzi gani anaingia wodini akahesabu manesi tu?

Jumla ya waliokufa ni 1,297. Nikampigia fundi simu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama natania.

18 Novemba 2023. Nairobi

Nilipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Sikuiweka kwenye hesabu ya mradi. Nilikuwa na mjukuu wa kumwona.

Makaburi ya Vita ya Nairobi yako Barabara ya Ngong. Majani yamekatwa kama zulia, na bustani imetunzwa kuliko wodi nyingi nilizofanyia kazi. Humo ndani umejengwa Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa askari wa nchi kavu wasio na kaburi linalojulikana: waliokufa katika vita vya Somalia ya Waitaliano na Ethiopia, walioangukia Madagaska, na waliozama na Khedive Ismail. Wanamizinga wa 301 wamo humo. Nilimpigia mzee picha ya ukuta, nikamtumia palepale.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini sitaweza kuandika majina. Mabaharia wa Jeshi la Majini la Uingereza waliozama siku ile wasipate kaburi hawaandikwi Nairobi, wanaandikwa kwenye minara ya bandari zao: Portsmouth, Plymouth, Chatham. Kila tawi la jeshi lina ukuta wake na utaratibu wake. Watu waliokunywa chai meza moja saa saba mchana wametawanywa katika mabara tofauti kufuata mwajiri. Ukitaka kuwakusanya kwa majina, fungua orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola na uanze kuchambua. Nilijaribu. Nilitafuta kwa tarehe, 12 Februari 1944, nikaletewa pia waliokufa siku hiyo Italia, Burma na angani juu ya Ulaya. Nilichambua usiku tatu. Idadi yangu haikutimia hata mara moja, na kila mara ilikataa kwa namna tofauti. Nikaacha. Ubao wenye majina 1,290 ungekuwa uongo mbaya kuliko ubao usio na jina lolote.

Niliporudi mjini nilipita Barabara ya Kenyatta kuziangalia zile sanamu za askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Maandishi yake ya Kiswahili yanawaahidi waliokufa kwamba vijana wao watayakumbuka majina yao. Jina hata moja halikuandikwa pale.

26 Novemba 2023. Namba tasa

Fundi alikuja na rula na uso wa mtu aliyekosa usingizi. "Sista, hesabu hii haigawanyiki."

Nilidhani ni uvivu. Tulikaa barazani na kikokotoo. Kwa 7, haigawanyiki. Kwa 11, 13, 17, 19, 23, haigawanyiki. Kwa 29 na 31 vilevile. 1,297 ni namba tasa, haina mstatili wowote isipokuwa mstari mmoja mrefu. Tukianza na nafasi ya sentimita mbili kati ya njumu na njumu, mstari huo ungetoka mlangoni kwangu ukapita msikitini ukaingia kwa muuza viazi.

Halafu akaona jambo: 36 mara 36 ni 1,296. Mraba kamili, na njumu moja ikabaki nje.

Hiyo moja ilituletea ugomvi wa wiki nzima. Fundi alitaka iwe ya nahodha, iwekwe juu katikati. Wenzangu wa chuo walitaka iwe ya matroni, kubwa, yenye nakshi. Kuna aliyependekeza tuiache tu, nani atahesabu? Huyo sikumjibu. Mimi sikutaka cheo kwenye ubao ambao haukubali hata majina. Mwishowe tuliamua njumu iliyobaki ianzishe safu ya 37, mkono wa kushoto, peke yake, na safu yake yote ikae wazi.

9 Desemba 2023. Misumari: hasara niliyoitafuta mwenyewe

Dukani nilipouliza njumu, kijana aliniletea viatu vya mpira, namba 8. Basi ukienda madukani sema misumari ya kichwa cha shaba, ile ya makochi.

Nilinunua pakiti 6 kwa shilingi 350 kila moja. Inang'aa vizuri sana. Ilipofika nyumbani mjukuu wangu akaichezea na sumaku ya friji, ikanata yote. Ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Nikatia michache kwenye chupa ya maji ya bahari niliyoyachota Likoni, na baada ya siku 10 maji yalikuwa rangi ya chai. Hewa ya Mombasa ingefanya kazi hiyohiyo polepole, ikishuka ubaoni kwa michirizi myekundu. 2,100 zimekwenda. Beba sumaku, tafadhali.

Shaba halisi ya manjano kwa njumu zote sikuiweza. Fundi wa masanduku, anayekata vichwa mwenyewe kutoka kwenye bamba, alitaka shilingi 60 kwa moja. Piga mara 1,297 uone. Tukaafikiana hivi: njumu 77 za wanawake ziwe za shaba ya manjano, nikachukua 85 kwa sababu ya ajali, 1,220 zilizobaki ziwe misumari ya shaba nyekundu, ile inayotumika kwenye vyombo vya baharini, shilingi 18 mmoja. Nikachukua 1,300. Hiyo haisongwi na kutu, na nilipenda kwamba ni misumari ya chombo.

Mbao ni mbambakofi, vipande vitatu vilivyounganishwa kwa gundi hadi kupata sentimita 90 kwa 90. Randa, msasa, hakuna la kusimulia.

23 Desemba 2023. Alama 1,297

Njumu 36 zenye nafasi ya sentimita 2 zinachukua sentimita 70, kwa hiyo ukingo unabaki sentimita 10 kila upande na nafasi ya maandishi chini, baada ya safu ile ya 37.

Fundi alitumia kipande cha mbao cha sentimita 2 kupima kutoka alama hadi alama. Inaonekana njia nzuri. Kufika safu ya 20 mistari ilikuwa imepinda, kwa sababu kila alama ilirithi kosa dogo la mwenziwe, na makosa madogo 20 yalikuwa yameshazidi nusu sentimita. Tulifuta yote kwa msasa. Mara ya pili utepe wa kupimia ulifungwa kwenye ukingo usisogee, kila alama ikapimwa kuanzia sufuri: 10, 12, 14, mpaka 80. Kisha uzi wa chaki juu chini, kushoto kulia, na penseli pale mistari inapokatana. Saa nne badala ya siku mbili.

6 Januari 2024. Kura

Swali lilikuwa: njumu 77 za manjano zikae wapi? Mchoro wa zamani uliziweka katikati, 7 kwa 11. Tulipozipanga kwa muda juu ya mbao zilionekana kama viti vya wageni rasmi, na wanamizinga wamesimama kuwazunguka juani. Mzee wa mkongojo alitazama, akageuza uso.

Tukaamua kura. Wanafunzi walikata karatasi 1,297, wakaziandika namba moja moja kufuata mpangilio wa safu, wakazitia kwenye gunia. Kura 50 za kwanza zikatoka karibu zote za safu za chini, wanawake wote wakarundikana kama maji yaliyotuama. Kosa letu: karatasi za mwisho kuandikwa ndizo zilizokuwa juu, na gunia halichanganyi. Tukazimimina kwenye sufuria ya pilau ya chuo, tukazikoroga kwa mwiko, tukaanza upya. Safari hii zilitawanyika vizuri, nyingine mbili mbili, nyingine peke yake pembeni kabisa.

Nakiri nilikuwa nikiomba moyoni namba 1,297, ile njumu ya safu ya mwisho, itoke kwenye kura. Haikutoka. Wanafunzi walinisihi turudie, eti ingependeza. Nikakataa. Sufuria ilikuwa imekorogwa sawasawa.

Tulipokuwa tunasubiri chai niliwaeleza kuhusu hao tunaowapigia kura. Walikuwa wa huduma ya uuguzi ya jeshi la Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa jina la Malkia Alexandra, wanaotambulika kwa kijivu na wekundu wa sare zao. Tangu 1941 walipewa vyeo vya maafisa, ili askari ajue kwamba sista akisema lala, ni amri. Neno hilo "sista" ndilo tulilorithi katika wodi zetu. Mgonjwa ananiita hivyo hata sokoni. Mwanafunzi mmoja alidhani limetoka kwa watawa. Nalo si kosa, limepitia huko pia.

Melini alikuwamo pia mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower, yule aliyetoa duma Kenya na mwaka 1937 akawashindanisha mbio Uingereza. Nilipoanza kusoma habari za meli hii nilikutana na duma mapema kuliko muuguzi yeyote. Sina kinyongo naye. Naye ana njumu yake.

21 Januari 2024. Kupigilia

Siku 9 za kazi. Hapa ndipo mwenye kuiga asome polepole.

Kwanza tulijaribu kwenye mbao ya mwembe, msumari ukaingia bila tundu. Kwenye mbambakofi uliinama kama mshumaa juani. Shaba nyekundu ni laini, mbambakofi ni jiwe. Tukatoboa kwa keekee ya umeme yenye biti nyembamba kuliko msumari. Biti zikavunjika, 7 kwa jumla, mbili zikabakia ndani na kuchimbuliwa kwa patasi. Dawa ilikuwa kutoboa kwa mikupuo: ingiza kidogo, toa, pangusa unga, ingiza tena. Fundi alisema ni kazi ya kumtibu mtoto.

Bado misumari iliinama. Fundi mzee wa majahazi, aliyepita kutuazima msumeno, alicheka akaitisha sabuni ya mche. Unaupaka msumari sabuni, unaingia kwa heshima. Siku ya kwanza, kabla ya sabuni, tuliharibu 74. Siku nane zilizofuata, 38 tu. Jumla 112, na hapo nikagundua nimebakiwa na pungufu. Nikanunua 40 zaidi, shilingi 720.

Vichwa vya manjano vilipata makovu ya nyundo. Tulibandika kipande cha ngozi ya kiatu kwenye uso wa nyundo, makovu yakakoma. Zilizopinda ni 3.

Siku ya sita fundi aliacha kuimba. Alikuwa safu ya 24. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama ni kweli kwamba kuna waliouawa na mabomu ya upande wao. Nikamwambia ni kweli. Baada ya meli kuzama, nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari mbili za msafara, Petard na Paladin, ziliiwinda kwa mabomu yanayolipuka chini ya maji, na mengine yalilipuka mahali walipokuwa manusura. Nyambizi ilipoibuka Paladin iligongana nayo, na mwishowe Petard ikaizamisha kwa topido. Kulikuwa na meli nyingine za abiria za kulindwa. Fundi alisikiliza, akapaka sabuni msumari unaofuata.

27 Januari 2024. Maandishi

Sentensi ya kwanza niliyoandika ilikuwa "Wauguzi wa Khedive Ismail". Ilikufa na swali la mzee. Ya pili, "Wauguzi na wenzao". Mzee akauliza nani mwenza wa nani. Ya tatu ndiyo iliyochongwa: WALIOONDOKA KILINDINI WASIFIKE COLOMBO. Chini yake jina la meli, tarehe, na 1,297.

Mchongaji akaandika KHEDIVE ISMAEL. Ana mpwa wa jina hilo, mkono ukafuata mazoea. Kuikwangua herufi nzima kungeacha shimo, hivyo alichimba E kwa umbo la mraba, akaweka kiraka cha mbambakofi kutoka kwenye masalio, nyuzi za mbao zikielekea upande uleule, akachonga I juu yake. Ukijua mahali utaiona. Kuchonga 4,000, kiraka 1,500. Tangu hapo namwandikia kila mtu maneno kwa penseli juu ya mbao yenyewe, na namtaka ayasome kwa sauti kabla ya patasi.

Mtu aliniuliza jina la meli lina maana gani. Ilijengwa Greenock, Uskoti, mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua, jina la mlima. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri, ikapewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Vita vilipokuja ikachukuliwa kubeba askari.

10 Februari 2024. Hesabu

Kabla ya kupaka mafuta tulihesabu, kwa utaratibu wa chumba cha upasuaji: wanafunzi wawili wawili, mmoja anataja, mwingine anatazama.

Jozi ya kwanza ilipata 1,296. Ya pili 1,298. Ya tatu 1,296. Fundi alikasirika, akasema yeye hajaacha tundu. Macho yanateleza kwenye mraba wa vitu vinavyofanana. Unaruka safu bila kujua. Tulitafuta njia: kila safu ikafunikwa kwa rula ikishahesabiwa, na idadi yake ikaandikwa kwa chaki ukingoni. 36, 36, 36. Safu zote zilikuwa 36. Waliopata 1,296 hawakuiona kabisa ile ya peke yake chini kushoto. Wanafunzi wanne hawakuiona!

Halafu manjano peke yake: 77.

Mafuta yakapakwa, kitambaa kikafunika.

12 Februari 2024. Kutundika

Miaka 80 kamili. Ubao una uzito wa kuhitaji watu wanne. Tumia vyuma vinavyopita ukuta mzima, siyo plagi za plastiki. Saa nane na nusu kitambaa kilitolewa. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili. Nilisoma aya moja, mzee wa mkongojo akasogea mbele akaanza kupitisha kidole kwenye safu, nikanyamaza. Wanafunzi nao wakaanza kugusa. Nilikuwa nimepanga kuweka kibao cha "usiguse", sikukiweka.

Gharama zote, kwa shilingi za Kenya: mbambakofi 9,500, mwembe wa majaribio 600, misumari ya uongo 2,100, shaba nyekundu 23,400 na nyongeza 720, shaba ya manjano 5,100, biti 840, fundi siku 9 kwa 1,500, yaani 13,500, maandishi na kiraka 5,500, gundi, msasa na mafuta 1,850. Jumla 63,110. Mchango wa mtaa ulikuwa 6,200, wa wenzangu wa chuo 21,000, uliobaki ni wangu. Ningebeba sumaku na sabuni tangu mwanzo ningeokoa karibu 5,000.

Iliyobaki: nyekundu 8, manjano 5. Nimeitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

20 Aprili 2024. Baada ya mvua za kwanza

Mambo mawili. Shaba nyekundu imeanza kuwa nyeusi, na pembezoni mwa vichwa vingine umeota ukijani. Mhudumu mwenye nia njema alisugua safu mbili kwa ndimu na chumvi. Zikang'aa, lakini ndimu ilipausha mbao kuzunguka kila kichwa. Tumezuia. Ni kitambaa kikavu tu, na mafuta kidogo kila baada ya miezi mitatu. Zile safu mbili zitachukua mwaka kufanana na nyingine.

La pili: mfagiaji alikuta msumari mmoja sakafuni asubuhi, akauweka kwenye kiberiti akaja kunitafuta hadi nyumbani. Ulitoka safu ya 11, mojawapo ya matundu yaliyochimbuliwa kwa patasi. Nilikuwa na 8 mpya kwenye kopo, lakini tukaurudisha uleule, na gundi tundu zima. Kisha nikamwomba asimame upande wangu wa kushoto atazame, mimi nitaje kwa sauti, tukaanza safu ya kwanza.